Kofia ya Mzee Kihwele

Ukimkaba wako, mgeni hufunga. Mmemsikia mjomba wenu akiwaambia hivyo wale ndugu wawili wanaochunguzana mpaka sufuria, mkacheka, kisha mkaja kuuliza maneno hayo yametoka kwa nani. Hayakutoka mbali sana, wajukuu zangu. Yalitoka kwenye uwanja wa mpira, na aliyeyatamka mara ya kwanza yalimuuma mdomoni. Haya, kaeni, na hizo njegere mzichambue huku mnasikiliza. Sikio likifanya kazi, mkono nao usilale.

Kule nyanda za juu, ambako mwezi wa sita maji ya ndoo huamka na utando wa barafu, palikuwa na chuo kidogo cha ualimu kikiitwa Lugema. Wanafunzi wake hawakufika mia. Ukitoa wanawake, ukitoa wagonjwa, ukitoa na wale waliosema mpira ni mchezo wa wahuni, walibaki vijana kumi na wanne wa kuvaa jezi. Ng'ambo ya bonde palikuwa na Chuo cha Kilimo Mkwambe. Hao walikuwa mia saba, wana trekta, wana ng'ombe wa maziwa, na wana mshambuliaji mmoja anaitwa Chelestino, mapaja yake kama vinu.

Kila mwaka vyuo hivi vilikutana. Mwaka mmoja Lugema walifungwa sita. Uliofuata wakafungwa nane. Mwaka wa tatu, wiki mbili kabla ya mechi, mkuu wa chuo aliwaita wachezaji wote mbele ya ofisi yake.

"Mwaka huu mkifungwa tena na Mkwambe," aliwaambia, "timu naivunja, na uwanja ule tunalima maharage. Jiko linataka maharage, halitaki aibu."

Hakuwa mtu wa vitisho vya bure. Jana yake watu walikuwa wamemwona akiupima uwanja kwa hatua, akihesabu matuta.

Aliyeumia kuliko wote ni nahodha, Mutayoba, beki wa kati. Alikuwa Mhaya, ametoka Bukoba, safari ya siku kadhaa, amekuja kwenye baridi ambayo hajaizoea na vyakula ambavyo havina ndizi. Uwanja ule ndio uliomfanya asifungashe mizigo akarudi kwao. Yeye na wenzake waliusawazisha wenyewe kwa majembe, mawe wakayatoa kwa vikapu, kikapu baada ya kikapu, muhula mzima. Kuona unageuzwa matuta, hilo hakuweza hata kulifikiria.

Lakini mwaka ule palikuwa na tumaini. Lugema walikuwa wamepata kipa, Eusebi Gama, Mngoni wa Songea, mrefu, viganja kama nyungo. Katika mechi tatu za majaribio hakuna aliyemfunga. Vijana wakaanza kupiga hesabu wakiwa kwenye foleni ya uji.

"Wao mia saba," alisema mmoja.

"Wanaoingia uwanjani ni kumi na moja," alijibu Luvanda, beki wa pembeni, mwenyeji wa huko huko. "Wengine kazi yao kupiga kelele."

"Basi tukaze, tutoke sare. Mkuu alisema tukifungwa. Sare si kufungwa."

Ndivyo walivyoshikilia: sare. Na sare yote ilikuwa kwenye viganja vya Gama.

Siku ya Alhamisi Mutayoba alikwenda mnadani kutafuta kamba za viatu. Alipopita nyuma ya vikapu vya viazi, karibu na kilabu cha ulanzi, ile pombe ya mianzi, akasikia sauti ya kipa wake. Akachungulia. Gama alikuwa amekaa kwenye benchi, bega kwa bega na mzee mmoja wa mvi, wanakula nyama ya kuchoma sahani moja. Yule mzee alikuwa Kihwele, kocha wa Mkwambe.

"Jumamosi uniachie mlango wazi, mtumwa wangu," mzee alikuwa akisema.

"Mlango tu?" Gama alijibu. "Nitakuachia na dirisha. Njooni na magunia ya kubebea mabao. Mimi nitakuwa nimelala."

"Matano yananitosha."

"Chukua sita, usije ukalia njiani kama babu yako."

Mzee akacheka mpaka akapaliwa. Hapo Gama akanyoosha mkono, akamvua mzee kofia yake, pama nzuri ya kahawia yenye utepe, akaivaa yeye, akainuka, akaenda zake bila kuaga. Na yule mzee, kocha mzima, hakumfokea. Alijipapasa upara akaendelea kutafuna.

Mutayoba alirudi chuoni bila kamba za viatu. Njia nzima alikuwa akijiuliza. Kwao hakuna kijana anayemvua mzee wa watu kofia. Na mzee anayevuliwa kofia akacheka, basi ujue kuna kitu ameahidiwa. Mlango, dirisha, mabao sita. Maneno aliyasikia kwa masikio yake. Kofia aliiona kwa macho yake. Alitaka nini tena?

Kesho yake Gama akaja kunywa uji na kofia ile kichwani.

"Kofia nzuri," Mutayoba alimwambia, akimtazama usoni. "Umeipata wapi?"

"Kwa mtumwa wangu mmoja," Gama alisema, akacheka.

Swali moja la pili lingetosha hapo. Mutayoba hakuliuliza. Mtu aliyekwisha kushuku haulizi ili ajue. Anauliza ili aone mwenzake atadanganya vipi. Akaanza kumhesabia kila kitu. Gama akiacha nusu bakuli ya uji, anasema akishiba sana atalala golini. Mutayoba akaliweka hilo moyoni. Gama akimsifia Chelestino kwamba ana mguu mzuri, analiweka na hilo. Mazoezini Gama alidaka mipira yote, na hata hilo likageuka ushahidi: mbona leo anadaka kwa bidii namna hii, kama si kutupumbaza?

Na hakumwambia mtu. Hakumwambia Mkufunzi Sanga, mwalimu wa jiografia aliyekuwa kocha wao. Jumamosi, walipokuwa wanafunga viatu, alimwinamia Luvanda tu.

"Leo mpira haurudishwi kwa kipa."

"Kwa nini, kepteni?"

"Wewe cheza."

Mechi ilianza saa kumi, pale pale Lugema. Mkwambe walikuja na trekta mbili zilizojaa washangiliaji. Gama aliiweka ile pama nyuma ya goli, chini ya mwamba wa kushoto, na Mutayoba akaona jinsi alivyoiweka kwa uangalifu.

Kwa robo saa hakuna aliyemweza mwenzake. Kisha ikapigwa kona. Mpira ukaja juu, mwepesi, wa kipa kabisa. Gama akatoka akipaza sauti, "Wangu!" Kila beki duniani akisikia neno hilo huinamisha kichwa na kumpisha mwenye mikono. Mutayoba hakupisha. Alijua kwa nini Gama anautaka mpira ule. Akaruka naye, wakagongana vifua, mpira ukaanguka kati yao kama embe bivu, na Chelestino akausukuma ndani kwa ncha ya kiatu.

"Nimesema wangu," Gama alisema akiwa bado chini.

"Nimekusikia," Mutayoba akajibu.

Tangu hapo nahodha hakutulia. Alikuwa akirudi nyuma, hatua tatu, hatua nne, mpaka akawa anacheza karibu na kipa wake kuliko karibu na maadui. Luvanda alibanwa pembeni mara mbili, kipa yuko wazi anamwita, naye akaupoteza mpira kwa kutii amri asiyoielewa. Dakika chache kabla ya mapumziko mpira ulipigwa mrefu kutoka upande wa Mkwambe. Mutayoba aligeuza shingo kuangalia mikono ya Gama iko wapi. Kugeuza tu. Aliporudisha macho mbele, Chelestino alikuwa amekwisha kupita. Mbili bila.

Chelestino alipokuwa anarudi katikati alimpita karibu, akamwambia kwa adabu kabisa, "Ahsante, nahodha. Leo umenisaidia kumkaba kipa wenu."

Wakati wa mapumziko waliketi kwenye nyasi wakigawana machungwa. Mutayoba hakupokea chungwa.

"Mwalimu," alimwambia Mkufunzi Sanga, "mtoe Gama. Ameuza mechi."

Wote wakaacha kutafuna. Gama aliinua uso polepole, mtu ambaye hajui kama ametukanwa au ameota.

"Nimeuza kwa nani?"

"Kwa mwenye ile kofia. Niliwasikia mnadani. Mlango, dirisha, mabao sita. Unabisha?"

"Sibishi," Gama alisema. "Nilisema."

 Mkufunzi Sanga alikuwa anawatazama wawili hao kwa zamu, mara kipa, mara nahodha. Na kabla hajaamua, wakamwona Mzee Kihwele mwenyewe anakatiza uwanja, leso ameifunga kichwani kwa mafundo manne, upepo wa baridi unampeperusha koti.

"Kamwene," aliwaamkia. "Nimekuja kuomba kofia yangu. Huyu Mngoni ananiua kwa baridi, nife asinunue hata sanda."

Gama hakumjibu. Alikuwa ameinamisha kichwa. Mzee akashtuka, kwa maana tangu amjue kijana yule hajawahi kumtupia neno akakosa kurudishiwa mawili.

"Kuna nini? Nani kamfia mtani wangu?"

Mkufunzi Sanga akamweleza kwa maneno machache. Mzee Kihwele hakucheka. Alichuchumaa mbele ya Mutayoba, magoti yakalia.

"Kijana, kwenu wapi?"

"Bukoba."

"Mbali. Sasa nisikilize. Mimi Mhehe, huyu Mngoni. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, na walipochoka wakawekeana utani. Kofia yangu ni yake. Nyama yangu ni yake. Siku nikifa, huyu ataingia kaburini mwangu kabla yangu alale humo, agome kutoka mpaka watoto wangu wampe kuku. Nikimwambia aniachie mlango naye akaniahidi na dirisha, maana yake amekula kiapo kwamba leo sipiti. Na kweli sikupita. Mabao yale mawili si yake."

Mutayoba alihisi masikio yanawaka. Kwao alimtania babu yake, alimtania shemeji yake. Hakuwa amewahi kuona kabila zima likimtania kabila jingine, tena mpaka kuvuana kofia. Akamgeukia Luvanda. Luvanda alikuwa anang'oa nyasi mojamoja.

"Kepteni," alisema, "ungeniambia asubuhi, ningecheka, yangeisha."

Refa akapuliza kuwaita. Mutayoba alimfuata Gama mpaka golini.

"Eusebi, ndugu yangu..."

"Nenda kwa mtu wako, nahodha," Gama alimkata. "Na mimi niachie lango langu."

Akaenda kwa mtu wake. Kipindi chote cha pili Chelestino hakupata nafasi hata ya kugeuka; kila alipoinua mguu, mguu wa Mutayoba ulikuwa pale. Luvanda alirudisha mpira kwa kipa mara nne, na mara zote nne ukatoka salama. Mkwambe walipewa penalti, Gama akaudaka mpira, si kuupangua, kuudaka, akaukumbatia. Dakika ya sabini ikapigwa kona, Mutayoba akapanda, akafunga kwa kichwa. Mbili moja. Washangiliaji wa kwenye trekta wakanyamaza. Dakika ya mwisho kabisa Luvanda alipiga shuti kutoka mbali, mpira ukagonga mwamba wa juu ukarudi uwanjani, na refa akamaliza mchezo.

Hata watu wa Mkwambe waliwapigia makofi. Lakini kufungwa ni kufungwa. Mkufunzi Sanga alikwenda kuwaombea kwa mkuu, akamweleza jinsi walivyocheza kipindi cha pili. Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Walifungwa, hawakufungwa?"

Jumatatu majembe yaligawiwa. Walilima wenyewe, wachezaji wale wale, kwenye udongo ule ule waliouondolea mawe. Wiki nzima Mutayoba na Gama walilima tuta moja, na siku ya tatu Gama akaanza tena kusema naye, maneno mafupi mafupi, "pisha hapo," "shika huku." Siku ya tano mwanamke mmoja wa jikoni, kijana bado wakati huo, alileta mbegu za maharage kwenye ungo. Akawauliza kwa kuwahurumia:

"Watu wanasema mlicheza kuwazidi. Sasa aliyewafunga ni nani hasa, yule Chelestino?"

Mutayoba aliegemea mpini wa jembe. 

"Chelestino alipita tu, dada. Alikuta hakuna mtu wa kumkaba. Mimi nilikuwa namkaba kipa wangu."

Yule mwanamke hakuelewa, akangoja. Basi akamwambia kwa kifupi, kama mtu anayemwandikia mwanafunzi ubaoni:

"Ukimkaba wako, mgeni hufunga."

Akainama, akaendelea kulima.