Sufuria za Msiba

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama wakiwa na kaya zao na maafisa wao, njaa iliingia Mbugani. Msingoje kucheka. Hadithi hii inaniuma hata mimi.

Tembo, afisa ustawi, alipita nyumba kwa nyumba kuandika watakaopewa mahindi ya msaada. Kwa Mama Digidigi, mjane, alichungulia chumbani. Magunia matatu ya mahindi!

"Lo! Njaa gani hii?"

"Si yangu, Bwana Afisa. Ni ya upatu. Tuko kaya saba, kila moja inatoa madebe matatu. Mimi natunza tu. Zamu hii ni ya Nungunungu, siku ya kukabidhi haijafika."

"Yamo nyumbani kwa nani?"

"Kwangu, lakini..."

"Basi ni yako!" Kwaruu! Akamkata jina, akaenda zake ziarani.

Mkekani alilala Tunu, mwana wa mjane yule, hata nguvu ya kulia hana.

"Chota kidogo, dada," Nguchiro, jirani yake, alimsihi.

"Nikichota, wana wa Nungunungu watakula nini? Wao nao wana njaa."

Nguchiro alikuwa mdogo, ila kwa hila hajambo. Siku ya tatu, aliposikia Tembo amerudi, alivaa kofia, akabana daftari kwapani, huyoo hadi kwa Tembo!

"Hodi! Mfalme Simba kanituma kukagua mali za maafisa." Akafungua stoo. "Mama yangu! Sufuria kumi na mbili! Majamvi! Mchele! Tajiri hivi unalipwa mshahara wa nini? Naukata!"

Masikio ya Tembo yakapiga pa! pa! "Usikate! Si vyangu! Ni vya chama cha kuzikana, mimi natunza tu!"

"Vimo nyumbani kwa nani?"

"Kwangu, lakini..."

Nguchiro akavua kofia.

"Na Mama Digidigi alikwambiaje, mzee?"

Tembo alijitwika gunia la msaada mwenyewe, akakimbia, puu! puu! puu! Nguchiro alitangulia akishangilia, "Tunu! Tunu! Chakula hicho!"

Mlangoni walimkuta Nungunungu ameketi chini.

"Mmechelewa," alisema. "Mtoto ametutoka alfajiri."

Ndani, Mama Digidigi alikuwa amekaa kando ya mkeka. Magunia matatu yalikuwa palepale, kamba hazijafunguliwa.

Jioni ile sufuria kumi na mbili zilitolewa nyumbani kwa Tembo, zikatumika kuwapikia waombolezaji. Nguchiro alishinda, wanangu, ila hakula hata tonge.

Kilichomo nyumbani si lazima kiwe cha mwenye nyumba. Msikilize kwanza, ndipo uandike.