Cheti Kimoja cha Wabanguaji Watatu

Sogeeni. Anayetaka kukohoa akohoe sasa, maana nikishaanza sirudii, na mwishoni ninyi ndio mtakaofanya kazi.

Kiwanda kimoja cha korosho huko Newala kilikuwa na wanawake watatu. Somoe alikuwa na sikio: akitikisa korosho karibu na shavu, anajua kama imekauka ndani. Fidea alikuwa na macho: alimaliza darasa la saba, na alisoma bila kudonoa herufi kama kuku. Asumini alikuwa na vidole. Mnacheka? Haya, chekeni mmalize.

Miaka kumi na tisa walikaa benchi moja, Somoe na Fidea wakibangua, Asumini akichambua, nzima huku, vipande kule. Kazi ikiisha wanamimina zote katika ndoo moja, inapimwa kwa jina moja, kisha wanagawana. Hakuna aliyewahi kumpunja mwenzake.

Ikaja mashine ya kubangua. Wanawake wote wakaambiwa waende nyumbani. Meneja akawaliwaza: "Mama zangu, kuna masomo ya kwenye simu, miezi mitatu. Atakayefaulu mtihani anarudi kuendesha mashine."

Wale watatu, kwa akili zao za ndoo, wakaona wajiandikishe kwa jina moja. Pesa ya ndoo inagawanyika. Kiti cha kazi je? Hilo hawakulifikiria.

Simu aliinunua Fidea. Aliezua mabati ya nyumba yake akauza, akaweka nyasi juu ya vichwa vya watoto wake. Kila asubuhi aliwasomea wenzake kwa sauti, maneno makubwa akiyatafuna kwanza yeye ili wao wayameze.

Masomo yenyewe hayakufunguka bila alama ya kidole. Somoe akaweka chake. Simu ikakataa. Akakifuta kwa kanga, akaweka tena.

"Inasemaje?"

"Inasema haikutambui, dada."

"Basi iambie mimi ni Somoe!"

Mafuta makali ya maganda ya korosho yalikuwa yamemla ngozi, vidole vimekuwa laini kama mgongo wa kijiko. Kiwanda kilivila, kisha kikamuuliza viko wapi. Cha Fidea nacho kikakataliwa. Cha Asumini, ambaye mafuta hayakumfikia, kikakubaliwa. Jina likaandikwa lake.

Majibu alitoa Somoe. Simu ikiuliza kwa nini korosho zinatoka zimevunjika, yeye husema, "Hazijakauka hizo. Mwambie aanike kwanza, mjinga huyo." Fidea anaandika, lakini lile neno mjinga analiacha. Somoe huyo hata jembe hashiki tena, viganja vinapasuka. Alichobaki nacho duniani ni kuzijua korosho.

Kufungua alifungua Asumini. Kila siku alitembea kutoka kijiji cha mumewe kuja kuweka kidole. Juma la mtihani, mwanawe mchanga akafa. Wakamzika Jumanne. Mtihani ulikuwa Jumatano, na simu haijui matanga. Asumini akainuka mkekani mbele ya waombolezaji.

Mama mkwe akamwita, "Mwanamke gani wewe? Kaburi bado bichi, unakwenda kuchezea simu?"

"Wenzangu wananingoja, mama."

Akaenda, akaweka kidole, akakaa pembeni amejifunika uso, wale wawili wakijibu. Aliporudi alikuta nguo zake nje, na talaka juu yake.

Wakafaulu. Cheti kikaja na jina moja, la Asumini. Siku ya kwanza mashineni akavunjavunja gunia zima la korosho, kisha akakaa chini na kumweleza meneja kila kitu.

Meneja hakupiga kelele. Angepiga ingekuwa afadhali. "Nafasi ni moja, mama. Cheti nitakibadilisha. Nileteeni jina moja kesho. Huyo nitamfundisha anachopungukiwa, na mambo ya kidole niachieni mimi."

Najua mnachotaka kusema: wagawane mshahara. Hayo ni maneno ya watu walioshiba. Mshahara wenyewe hautoshi nyumba moja. Ukiukata mara tatu, umewapa watu watatu njaa ya polepole.

Wakakutana kwa Fidea, mvua inapenya nyasi, watoto wamesogezwa kwenye kona iliyo kavu. Somoe, aliye mkubwa, akasema, "Haya, mtu ataje jina."

Kila mmoja alikuwa anangoja mwenzake amtaje.

"Mimi," akasema Asumini. "Sina mtoto, sina mume, sina pa kulala. Nimelipa kwa vyote."

"Na mimi?" akasema Fidea. "Hawa si wanalowa hapa mbele yenu? Bila simu yangu mngeweka kidole wapi?"

Somoe alikuwa anatazama viganja vyake. "Ninyi bado mna mikono," akasema. "Mtapata cha kufanya. Mimi nikafanye nini?"

Wakaondoka bila kuagana, watu waliogawana ndoo moja miaka kumi na tisa, na mpaka sasa hawaamkiani njiani.

Je, wewe ungempelekea meneja jina la nani? Usinitazame mimi. Wewe uliye karibu na mlango, anza. Jina moja tu, na ukishalitaja, utuambie utakwenda kuwaambia nini wale wawili uliowaacha.