Pimbi, Nyati na Magogo Yaliyoshiba Moto

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa nini?"

"Pakawa baridi!"

"Baridi ya mchezo?"

"Baridi ya kung'ata masikio!"

Basi sogeeni. Lwitiko, ondoa huo mguu wako mrefu kwenye figa, usije ukasema Shangazi kakuunguza. Atupele, chochea moto. Haya. Ngano yangu ni ya mlimani, na mlimani hakuna mchezo.

Hapo zamani, wanyama walipokuwa bado wanakoka moto kama watu, kulikuwa na mlima mrefu, juu mawe, chini msitu. Mwezi wa sita ukiingia kwenye mlima ule, baridi haibishi hodi. Inaingia tu. Asubuhi unakuta majani yote meupe kwa sakitu, ule umande ulioganda. Ukikanyaga, kra, kra, kra. Maji ya mtungini yana gamba juu, ulivunje kwanza ndipo uchote.

Juu kwenye mawe alikaa Pimbi. Mnamjua Pimbi? Ni kama sungura aliyenyimwa masikio, na mkia hana kabisa. Lakini macho yake yanaona. Alikuwa na watoto, na kitinda mimba wake alikuwa kadogo, unaweza kumfunika kwa kiganja.

Chini msituni alikaa Nyati. Mkubwa, mzito, na uchoyo wake ulikuwa mkubwa kuliko yeye. Mkewe alishamkimbia kwa uchoyo huo. Nawaambia habari za mkewe mapema, maana mkewe ndiye aliyekuwa akisenya kuni, akizianika, akikoka moto. Nyati yeye alikuwa anakuja, anakaa, anaota. Anauliza, "Chakula tayari?" Wanaume wa namna hiyo mnawajua. Lwitiko, usicheke, mwaka huu sijakuona na shoka.

Sasa, baada ya mavuno, jua lilipokuwa bado linawaka, kila mnyama alisenya kuni zake. Nungunungu alisenya, akapanga. Komba alisenya, akapanga. Pimbi alisenya, akapanga. Nyati alilala.

Baridi ilipopiga, Nyati akaamka. Nyumbani hakuna kuni, na mke hakuna. Akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Puh! Puh! Puh!

"Nungunungu! Kuni hizi za nani?"

"Zangu, mzee."

"Umezitoa wapi?"

"Nimeokota chini ya miti."

"Na nani anayejikuna mgongo kwenye miti hiyo mpaka matawi yanaanguka?"

"Ni wewe, mzee."

"Basi kuni za nani?"

Nungunungu akazitazama zile pembe. "Zako, mzee."

Nyati akabeba kuni, na moto wa Nungunungu akaubeba pia. Puh! Puh! Puh! mpaka kwa Komba. Nani alijikuna? Ni wewe, mzee. Kuni za nani? Zako, mzee. Akabeba. Puh! Puh! Puh! mpaka kwa Pimbi. Nani alijikuna? Ni wewe, mzee. Kuni za nani? Zako, mzee. Akabeba hata kile kijiti ambacho Pimbi alikuwa anachokonolea meno.

Akazijaza zote kwenye pango lake, chini mpaka juu. Akawasha moto mkubwa wa kuchoma mlima, akajinyoosha mbele yake peke yake. Nje mvua ikashuka, ukungu ukakaa, msitu mzima ukalowa. Hapakuwa na ukuni mkavu hata mmoja mlimani isipokuwa kwa Nyati.

Kule mawe ya juu, kitinda mimba wa Pimbi akaanza kukohoa. Kho, kho. Siku iliyofuata, kho, kho, kho. Halafu akakataa kunyonya. Halafu akaacha hata kukohoa, akawa amelala tu, miguu ya baridi. Hapo Pimbi akaogopa kwelikweli. Mtoto anayekohoa bado anapigana. Huyu alikuwa amenyamaza.

Pimbi akasimama. Akasema, "Mwanangu hafi kwa baridi kwenye mlima wenye kuni. Hafi."

Akachukua kigae cha chungu, akashuka kuomba moto.

Na kule mlimani desturi ilikuwa hivi: jirani unaweza kumnyima chumvi, ukiwa na roho mbaya unaweza kumnyima hata maji. Moto humnyimi. Anakuja na kigae chake, unampa kaa, anakwenda zake.

"Hodi, Mjomba Nyati! Shikamoo!"

"Marahaba. Usiingie, utaniingizia baridi."

"Nimekuja kuomba moto, mjomba. Mtoto anaumwa."

Nyati akafikiri. Nyati akifikiri, mnasikia: mmmmmh. "Kaa ni nini?" akauliza. "Kaa ni ukuni ulioungua. Ukichukua kaa, umechukua kuni. Nenda."

"Mjomba, moto haunyimwi."

"Mimi nimeunyima. Umeona nimefanywa nini?"

Pimbi hakulia. Alisimama mlangoni akimtazama Nyati akipanga kuni zake. Nyati alinyanyua gogo kwa pembe, akasema, "Hili zito, hili zuri." Akanyanyua jingine, akasema, "Hili jepesi, hili la hovyo," akalitupa motoni. Zito, zuri. Jepesi, hovyo. Pimbi akamsikia, akapandisha mlima mbio bila kuaga.

Akawaita pimbi wote, mashangazi, mabinamu, wote. Wakashuka bondeni kwenye tope, palipokuwa na gogo lililolowa mpaka kwenye moyo. Wakalifunga kamba za magome. Wakavuta, likakataa. Wakavuta, likakataa. Miguu inateleza, vidole vimekufa ganzi, na mashangazi wengine wanasema turudi. Pimbi akaimba:

"Vuta!"

"Tunavuta!"

"Baridi?"

"Tunaiona!"

"Turudi?"

"Haturudi!"

Gogo likatoka, chubwi! Wakalikokota mpaka mbele ya pango la Nyati, wakapita polepole, wakiimba kwa nguvu.

Nyati akatoa kichwa. "Kelele za nini? Mnakokota nini?"

"Shikamoo, mjomba. Gogo tu."

"Gogo gani la kukokotwa na ukoo mzima?"

"Zito, mjomba. Limeshiba."

"Limeshiba nini?"

"Moto," akasema Pimbi. "Yako si yameshakauka? Moto umeshatoka. Ndiyo maana ni mepesi."

Nyati akaingia, akanyanyua gogo lake kavu. Jepesi. Akatoka, akanyanyua la Pimbi. Hmp! Zito. Akaona wivu hapohapo.

"Mbona linatoka maji?"

"Hayo si maji, mjomba, ni jasho. Wewe ukikaa na moto hutoki jasho?"

"Natoka."

"Basi. Na hili moto uko ndani ya tumbo."

Mkewe angekuwepo angecheka mpaka akae chini. Lakini mkewe hakuwepo.

"Tujaribu," Nyati akasema. "Lako na langu."

Hilo Pimbi hakuwa amelipanga. Lakini akasema, "Tujaribu, mjomba."

Wakatia magogo mawili kwenye moto ule mkubwa. La Nyati likashika mara moja: ta-ta-ta-ta, pwaa! La Pimbi likasema: chiiiii! Pssss! Fyuuuu!

"Linasemaje?" Nyati akauliza.

"Moto unajaribu kutoka, mjomba. Ni mwingi mno, mlango mdogo."

Wakakaa. Pimbi alikuwa anaota moto huku anamfikiria mtoto wake, na kila dakika ilimuuma. Lakini hakusogea. Lile la Nyati likaungua, likaanguka, likawa majivu. Pimbi akainuka.

"Mjomba, gogo lako liko wapi?"

Nyati akatafuta. "Limekwisha."

"Na langu?"

"Lipo."

"Lote?"

"Lote!" Macho ya Nyati yakatoka. "Halipungui! Pimbi, mnayo mengine?"

"Yapo, mjomba. Ila ni ya watoto wangu."

"Nipe."

"Siwezi."

"Nitakupa haya yangu. Gogo langu moja kwa mawili yako."

"Mjomba, utaniumiza! Moja kwa moja."

"Mawili!"

Pimbi akajipangusa machozi ambayo hayakuwepo. "Haya, kwa kuwa ni mjomba wangu. Lakini nianze leo na mzigo mmoja, na uniongezee kaa moja."

"Chukua hata matatu," akasema Nyati. "Makaa ya kuni za hovyo, nitayafanyia nini?"

Lo! Pimbi alivyopanda mlima siku ile! Kaa kwenye kigae, analipulizia, fuu, fuu, nyuma mabinamu na mzigo wa kuni. Akakoka moto kati ya mawe. Akamweka mtoto karibu, akamsugua miguu, akamsugua mgongo. Moto ukasema ta-ta-ta. Mtoto kimya. Akasugua. Mtoto kimya. Akasugua, jasho linamtoka. Mtoto akasema, "Kho." Sijasikia kikohozi kitamu kama hicho. Akatafuta ziwa, akanyonya.

Kesho yake biashara ikaanza. Vuta! Tunavuta! Turudi? Haturudi! Lakini pimbi ni wadogo, na Nyati hana subira. Alipoona wanachelewa, akashuka bondeni mwenyewe. Akatumbukia topeni mpaka tumboni, akang'oa magogo kwa pembe, akayabeba kwake. Alipokosa nafasi pangoni, akazitoa kuni kavu, akazibeba kwa mgongo wake mwenyewe mpaka kwenye mawe ya juu.

"Ziweke hapo, mjomba," Pimbi akamwelekeza. "Hapana, kule ndani ya ufa, zisinyeshewe. Pole na kazi."

Nungunungu akapata kuni zake. Komba akapata zake. Zilizobaki Pimbi akazipanga kwenye nyufa za mawe, nyembamba hizo, Nyati haingizi hata bega.

Jioni Nyati akatazama pango lake. Magogo mazito, chini mpaka juu, yote yanatoka jasho. Akayatia motoni mengi kwa pamoja, kwa furaha. Chiiiii! Moshi ukajaa. Macho yakamwasha. Akakohoa, akangoja. "Unajaribu kutoka," akajiambia. Pssss! Akangoja. "Mlango mdogo," akasema. Fyuuuu! Akangoja mpaka moto wenyewe ukazimika, tii.

Asubuhi, sakitu mpaka kwenye kope zake, Nyati akapanda mawe. Puh... puh... puh.

"Pimbi! Ule moto haujatoka!"

"Shikamoo, mjomba. Umeuita vizuri?"

"Pimbi, nirudishie kuni zangu!"

"Ziko ndani, mjomba. Karibu uzichukue."

Nyati akaingiza pua kwenye ufa. Pua ikaingia, pembe zikakataa. Akasukuma, gong! Akasukuma, gong! Jiwe lilikuwepo pale kabla ya babu yake. Akachoka. Akasema kwa sauti ndogo, ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake, "Basi naomba moto."

Mabinamu wakapiga kelele, "Mnyime! Naye alitunyima!"

"Hapana," akasema Pimbi. "Hapa kwetu moto haunyimwi."

Akampa kaa kubwa, jekundu, kwenye kigae kizuri. Nyati akashuka mbio, akaliweka chini ya magogo yake. Chiii! Tii. Akapanda tena. "Naomba moto." Akapewa. Akashuka. Chiii! Tii. Akapanda tena. Akapewa tena. Pimbi hakumnyima moto hata mara moja. Kuni ndizo hakumpa.

Mwishowe Nyati akachoka kupanda na kushuka. Akalala palepale kwenye mawe, pua ameichomeka ndani ya ufa, inaota moto, na mwili mzima nje kwenye upepo. Ndiyo maana mpaka leo pua ya Nyati ni nyeusi, ni masizi ya jikoni kwa Pimbi.

Kitinda mimba, aliyekuwa sasa anarukaruka na shavu limejaa, akaisogelea pua ile, akaigusa. Akasema, "Mama, leo upepo hauingii."

"Utaingilia wapi?" Pimbi akajibu. "Kuni tulikuwa nazo. Sasa tumepata na mlango."

Ngano yangu imeishia hapo. Sasa funzo, maana mama zenu wataniuliza nimewafunza nini. Funzo ni hili: waheshimuni wakubwa. Pimbi alimwamkia Nyati kila alipomwona, akampa pole na kazi, na mmeona alivyobarikiwa.

"Lakini Shangazi, Pimbi alidanganya!"

Kweli, Atupele, na kudanganya ni vibaya sana. Mwenye kudanganya huishia kubaya. Yule maskini aliishia ndani kwenye joto, na mtoto mzima, na kuni za kumfikisha mavuno. Msije mkawa kama yeye.

Aliyesikia akawasimulie waliosinzia, na aliyesinzia aseme ngano ilikuwa fupi. Nami nimenyamaza. Lwitiko, shika shoka, nenda kapasue kuni.