Semhando na Mji Usiokula Nyama

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama watu waliofunga? Paukwa!

Pakawa!

Haya, hivyo ndivyo. Sogezeni vigoda, kuni zipo. Hapo kale, kale ya mababu wa babu zetu, watu na wanyama walipokuwa wakikutana njiani na kuulizana habari za watoto, palikuwa na kijiji kiitwacho Mtindini, kando ya mto mkali. Katika kijiji hicho aliishi bwana mmoja, Semhando, fundi wa maneno. Akisimama kusema, hata jogoo alinyamaza asikie.

Lakini Semhando alikuwa na ila moja. Hakula mboga. Si mchicha, si kisamvu, si bamia. Ukimwekea matembele ubavuni mwa ugali, aliusogeza ugali mbali, kana kwamba matembele yana upele. Mkewe akimwambia, "Baba Mbelwa, onja japo kidogo," yeye hujibu:

"Mama Mbelwa, mimi si mbuzi, sili majani."

Mwaka mmoja masika yakaja na hasira, mto ukafurika, daraja likaenda na maji. Watu wakatengwa na mashamba yao, mifugo ikatengwa na malisho yake. Ndama watatu wakasombwa wakijaribu kuvuka, na mwanamke mmoja na mzigo wake wa mahindi. Wazee wakakaa, wakashauriana, wakasema:

"Magogo marefu ya kufika ng'ambo yako kwa Liwali wa mji wa Bungala peke yake. Tupeleke wajumbe."

Watu wakamchagua Semhando. Mifugo nayo, kwa kuwa shida ilikuwa yao pia, ikamchagua mbuzi jike mwenye akili, jina lake Tunu. Wakavuka mto kwa taabu, wakafunga safari wawili hao, siku nne kwa miguu.

Langoni mwa Bungala wakapokewa na karani wa Liwali. Alikuwa Nguchiro, kalamu sikioni, daftari kwapani.

"Karibuni," akasema Nguchiro. "Mji wetu umestaarabika. Hapa hakuna amlaye mwenzake. Fisi anakula kisamvu, na Liwali Chui mwenyewe anakula bamia. Mwenye shida hula mlo mmoja wa mboga kila siku kwa siku tatu, katika hoteli za mji, mbele ya watu, nami naandika. Akibakisha jani moja, shida yake haisikilizwi."

Semhando akamtazama Tunu.

Siku ya kwanza wakapelekwa kwenye hoteli ya Kobe. Wakaletewa mchicha wa nazi, mabakuli mawili, unatoa moshi.

"Na ugali?" akauliza Semhando.

"Ugali!" akasema Kobe, akaingiza kichwa ndani kwa aibu, akakitoa tena. "Bwana, ugali ni chakula cha huko mtokako."

Semhando akauangalia mchicha. Mchicha ukamwangalia. Akamnong'oneza Tunu, "Mimi si mbuzi, sili majani. Nifanyie hisani."

"Mimi ndiye mbuzi," akajibu Tunu, "lakini nitakula kwa ajili ya daraja." Nguchiro alipoinama kuchovya kalamu, Tunu akavuta bakuli la Semhando akalimaliza, kisha akalimaliza lake. Nguchiro akaandika: *Mgeni anakula vizuri.*

Siku ya pili wakapelekwa kwenye hoteli ya wakubwa. Hapo sahani ilikuwa pana kama ungo, na katikati yake majani matatu, ua moja, na tone la mchuzi. Mhudumu alikuwa Korongo, akasimama kwa mguu mmoja, akafumba macho.

"Jani hili la kwanza," akasema, "limechumwa alfajiri na bikizee asiyegombana na mtu. La pili limeimbiwa siku saba. La tatu..."

"La tatu limefanya nini?" akauliza Semhando.

"La tatu, bwana, halielezeki."

Tunu akayala yote matatu. Akala na ua. Akala na pembe ya kitambaa cha meza. Nguchiro akaandika: *Mgeni ana uchu wa ustaarabu.*

Tunu akaenda kupumzika uani kwa wageni, tumbo limejaa. Semhando akabaki akizunguka mjini, siku mbili hajatia kitu mdomoni. Jua lilikuwa bado kali. Ndipo pua yake ikaitwa. Harufu! Harufu ya mafuta yakidondokea makaa! Akaifuata uchochoro huu, akaifuata uchochoro ule, mpaka nyuma ya ile ile hoteli ya wakubwa. Palikuwa na pazia zito, na mbele yake ameketi Fisi, akijichokonoa meno.

"Neno la siri?" akauliza Fisi.

Semhando hakujua neno lolote la siri. Kwa njaa na hasira akasema lile alilolizoea:

"Mimi si mbuzi, sili majani!"

"Ndilo!" akasema Fisi, akafunua pazia. "Pita ndani, ndugu."

Jamani. Ndani aliketi Liwali Chui, sharubu zinang'aa mafuta. Ameketi Nguchiro, daftari amelikalia. Ameketi Korongo, kafumbua macho yote mawili. Na katikati yao sinia la nyama choma.

"Ah, mgeni wetu!" akasema Chui. "Nilijua tu. Mtu anayekula mboga kwa uchu namna ile lazima ana lake jambo. Keti."

Semhando akaketi. Akapewa ubavu mmoja, akaula. Sitawaficha, aliula, akalamba na mfupa. Roho iliporudi ndipo akili nayo ikarudi, akauliza:

"Liwali mtukufu, nyama mmeikataza. Hii imetoka wapi?"

Chui akacheka taratibu. "Tumeikataza ili nyama isiogope kuja. Wajumbe huja wawili wawili. Mjumbe wa watu hurudi kwao na magogo. Mjumbe wa mifugo, tunawaambia watu kwamba kaupenda mji, kabaki. Kesho baada ya mlo wa tatu wewe utakwenda zako na daraja lako. Na yule rafiki yako ataupenda mji."

Semhando akauweka mfupa chini. Akaaga, akatoka.

Tunu alikuwa uani akicheua. Alipomwona tu, akaacha kucheua.

"Bwana Semhando, unanuka mifupa."

Semhando angeweza kudanganya. Maneno alikuwa nayo mengi. Akakaa chini, akamweleza yote, neno kwa neno.

Tunu akauliza, "Ulikula?"

"Nilikula ubavu mmoja."

"Ulikuwa mtamu?"

"Ulikuwa mtamu, Bi Tunu."

Tunu akageuza uso. Semhando akasema, "Lango liko wazi. Toroka sasa hivi, nitasema sijui ulipo."

"Na daraja?" akasema Tunu. "Nirudi nikawaambie mama zao wale ndama nini? Siendi. Ila kesho sikusaidii hata jani moja. Utakula kwa mdomo wako, na kwa mdomo huo huo utafute neno la kututoa hapa. Si ndiyo kazi yako?"

Siku ya tatu mlo ukaandaliwa uwanjani, mji mzima umekuja kutazama: watu, ng'ombe, punda, mbuzi, kondoo. Liwali Chui ameketi kwenye kiti kirefu, amevaa taji la majani ya maboga. Kisha akaletewa Semhando sahani yake. Lakini Semhando akasimama.

"Liwali mtukufu! Kwetu Mtindini, kumwacha mgeni ale peke yake ni kumtukana. Nawe si mtu wa kututukana. Shuka tule sahani moja. Atakayeacha kula kwanza ampe mwenzake anachotaka. Nani asiyejua jinsi Liwali wetu anavyopenda mboga?"

"Sote tunajua!" umati ukapiga kelele. Ng'ombe wakapiga kwato chini kwa furaha. Chui atafanyaje? Akashuka.

Likaja bakuli la mchicha. Semhando akafumba macho, akatia mdomoni. Machozi yakamtoka. Chui naye akatia, mkia ukamsimama kama fimbo.

"Tamu?" akauliza Semhando.

"Tamu!" akajibu Chui.

"Tuendelee?"

"Tuendelee!"

Likaja bakuli la kisamvu. Semhando akameza kama anayemeza dawa ya kichocho. Chui akatafuna, masikio yamelala nyuma.

"Tamu?"

"Ta... tamu."

"Tuendelee?"

"Tu... endelee."

Likaja bakuli la bamia. Mnaijua bamia inavyoteleza. Ukiivuta inakufuata, ukiiacha inakusubiri. Semhando akamtazama Tunu aliyesimama pembeni, akainua bakuli, akalinywa nusu kama uji, akaliteremsha.

"Tamu, Liwali?"

Chui akanywa mafunda mawili. Mara tumbo likanguruma, shingo ikanyooka, na Liwali wa mji usiokula nyama akakohoa. Koh! Koh! Koh! Kikaruka kitu, kikaanguka katikati ya uwanja.

Kilikuwa ukwato wa kondoo.

Nguchiro ndiye aliyekuwa mwepesi. Akaruka juu ya meza: "Ni mzizi! Liwali amekula mboga mpaka na mizizi yake!"

Watu wakatazamana. Waliona kilichokuwa pale chini. Kisha mmoja akasema, "Mzizi." Mwingine akasema, "Kweli, mzizi huo." Na uwanja mzima ukaimba: "Mzizi! Mzizi! Mzizi!"

"Basi, umeshinda!" akasema Chui, anahema, macho bado yako kwenye bamia iliyobaki. "Magogo sita! Mafundi wanne! Na mbuzi wako pia, mchukue! Nendeni!"

Hapo akapenya umatini kondoo mmoja mkongwe, Bi Sikudhani. Miezi mitatu alikuwa mjini akimtafuta dada yake aliyekuja kwa ujumbe, na kila alipouliza aliambiwa kahamia mtaa mwingine. Akausogelea ule ukwato, akaunusa, akaugeuza kwa pua.

"Huu mzizi una ufa," akasema, wala hakupaza sauti. "Alikanyaga jembe tukiwa wadogo. Nilikuwepo."

Hakuna aliyeimba tena.

Bi Sikudhani akageuka, akaanza kutembea kuelekea langoni. Tunu akamfuata. Ng'ombe mmoja akafuata, kisha punda kumi, kisha mbuzi wote, kondoo wote, kila mwenye kwato. Ng'ombe wakayavuta yale magogo sita, mafundi wakaandamana nao. Fisi akamtazama Liwali, akingoja amri ya kuwazuia. Lakini Liwali angewazuia kwa neno gani? Kwamba anawataka wa nini?

Wakatembea siku nne. Njia nzima Tunu hakumsemesha Semhando, wala Semhando hakulazimisha.

Walipofika mtoni, maji yamepungua kidogo lakini bado makali, wenye nguvu wakaogelea na magogo ili kazi ianzie ng'ambo, upande wa Mtindini. Bi Sikudhani akabaki ukingoni. Miguu yake haikuweza maji yale. Semhando akachuchumaa mbele yake.

"Bibi," akasema, "katika sinia lile nilikula ubavu mmoja. Sikujua ni wa nani. Lakini nilikula."

Semhando akamwinua, akamweka mabegani, akaingia mtoni. Maji yakamfika magotini, yakamfika kiunoni, yakamfika kifuani. Alikuwa mzito, na manyoya yalipolowa akazidi uzito. Fundi wa maneno hakusema neno. Tunu alikuwa amesimama ng'ambo, anatazama kila hatua.

Walipopanda ukingo wa pili, Bi Sikudhani akapumua sikioni mwake.

"Nimekusikia," akasema. "Sasa nitue."

Akamtua.

Yangu imeishia hapo, wenzangu. Mwenye yake na avute kigoda.