Dai la Mguu Hupimwa kwa Mguu

Hapo zamani, magari ya farasi yalipokuwa machache na kila aliyepanda gari akidhani njia ni ya baba yake, alikuwako mkwezi mmoja, jina lake Mcha, hana hanani ila mguu mwepesi na ulimi mwepesi zaidi. Siku moja alikuwa amechutama kando ya njia akifunga nazi zake, mara Waziri Salmini, ambaye hatamu alizishika mwenyewe, akakata kona kwa kasi, na gurudumu likampanda Mcha mguu wa kulia. Mfupa ukavunjika. Waziri akachungulia, akasema, "Pole," akaenda zake. Neno moja hilo. Hata leo lanikera.

Basi mkwezi asiye na mguu hana chungu jikoni. Mcha akajikongoja kwa magongo hata barazani kwa Sultani, akashitaki.

Waziri akadakia, "Mola akuweke, Bwana wangu. Dai hili nimelichungua, ni jepesi. Ajali haina kinga, shahidi hana, na pole nimekwisha kumpa."

Sultani alipenda mzaha kuliko hukumu. Akasema, "Mcha, lilete dai lako tulitie mizanini. Likizidi frasila moja, utapata haki yako."

Watu wa baraza wakacheka. Mcha akainama, akajibu, "Ewe Bwana, karafuu hupimwa kwa mizani, mchele kwa pishi, na dai la mguu hupimwa kwa mguu. Waziri asema ni jepesi. Basi anyooshe wake, gari lipite mara moja tu. Akisema bado ni jepesi, nami narudi kwangu."

Sultani akaliona neno hilo lina haki. Gari likaletwa, Waziri akanyoosha mguu huku jasho likimtoka. Gurudumu lilipobakiza shibiri moja, akauvuta.

"Ni zito, Bwana. Ni zito."

"Umelijuaje, nalo halijakugusa?" akauliza Sultani.

"Nimelijua tu."

Sultani akacheka hata kilemba kikamlegea. "Mcha hakuwa na shahidi, sasa anaye. Sema, Mcha, wataka nini?"

"Nazi zangu ziangushwe hata nipone."

"Nitamtuma mtumishi," akasema Waziri.

"Mtumishi hakushika hatamu," akajibu Sultani.

Ikawa kesho yake Waziri yu nusu ya mnazi, amelikumbatia shina, hapandi wala hashuki. Mcha alikuwa chini, mguu juu ya kigoda. Akachungulia juu, akasema, "Pole."