Mapipa ya Bwana Shekuwe

Bishara alitunza ghala la kemikali, na mwenye nyumba wake alikuwa Bwana Shekuwe. Siku moja tajiri huyo alidai mapipa matano ya asetoni bila kibali. Asetoni huzimua rangi, lakini wapika dawa za kulevya nao huisaka.

"Usiponipa, kesho wewe na mwanao mtalala nje."

"Nitakupa, baba. Jaza fomu hii tu, uandike matumizi."

Shekuwe akacheka, akaandika: "Kuzimulia rangi ya kupaka zahanati." Akalipa, akatia sahihi.

"Una moyo mwema, baba," alisema Bishara.

Siku tatu Shekuwe alisubiri mzigo. Ya nne alikuja akifoka, akamkuta Bishara anakunywa chai na mkaguzi wa serikali.

"Mapipa yangu yako wapi?"

"Mkaguzi ameyatolea kibali yaende ulikoandika, baba. Zahanati walikuwa na rangi tayari; sasa inang'aa, na wauguzi wanakuombea dua."

"Au ulikuwa na matumizi mengine?" aliuliza mkaguzi.

Shekuwe akajibu: "Hapana. Ni hayo hayo."

"Na mimi na mwanangu?" aliuliza Bishara.

"Kaeni tu."

"Ahsante, baba. Hata nyumba yako tunayokaa inahitaji rangi."