Daktari Fisi na Mgongo wa Bi Kakakuona

Wenye migongo mpo?
Tupo!
Inauma?
Inauma kweli!
Mkatwe?
Thubutu!
Basi nyoosheni miguu, maana ngano hii ina mwendo.

Hapo kale, kale ambayo haijaenda mbali sana, aliishi Bi Kakakuona, mdogo wa umbo, magamba yake yanang'aa, na mgongo wake unamtesa. Akiinama kuchimba mchwa, kachu! Akiinuka, kachu! Akipiga chafya, kachu, na machozi juu. Alilala nao mgongo huo, akaamka nao, hata ikawa asubuhi anausalimia: "Umeamkaje, mwenzangu?" Nao unamjibu: kachu!

Ndipo Mfalme Simba akafungua zahanati. Daktari mkuu akawa nani? Shemeji yake, Fisi. Fisi kasomea wapi? Usiulize. Interview ilifanyika mezani, kati ya mnofu na mfupa. Nguchiro, aliyesomea mifupa mpaka macho yakaingia ndani, aliambiwa, "Kijana, experience huna," akawekwa mlangoni, kazi ya kujitolea. Kazi yenyewe ni kuita: "Anayefuata!"

Zahanati ilikuwa na sheria moja tu. Fisi aliitunga mwenyewe, akaibandika ukutani: ALIYEUMIA ZAIDI ATANGULIE. Wanyama wakasifu, "Daktari ana huruma!" Huruma gani! Aliyeumia zaidi hawezi kukimbia.

Digidigi alikuja na goti. Akaingia. Hakutoka. "Nimempa rufaa," alisema Fisi, anachokonoa meno. Kanga alikuja na bawa. Akaingia. Hakutoka. "Rufaa." Hiyo rufaa iko wapi, hakuna aliyeuliza. Kila swali Fisi alilijibu kwa Kiingereza, na watu wakisikia Kiingereza wanaona wametibiwa.

Siku hiyo akaingia Bi Kakakuona, kajipinda kama ndoano. Fisi akamzunguka, chopi-chopi, chopi-chopi. Akamtomasa hapa. Akamnusa pale.

"Mama, spine imekwisha. Finished. Dawa yake kisu."

"Hakuna njia nyingine, Daktari?"

"Kisu."

"Kukandwa na maji moto?"

"Kisu."

"Hata mafuta ya nyonyo?"

"Mama, wewe ni daktari au wewe ni mgonjwa? Nitakuchoma sindano ya nusukaputi, utalala chali, utalegea, utakunjuka wote, tumbo lile laini litakuwa wazi..." Na hapo mate yakamponyoka. To! Sakafuni.

Bi Kakakuona akayatazama mate. Akatazama kona. Manyoya meusi yenye madoa meupe. Ya Kanga! Bi Kakakuona akijikunja ni ngome. Fisi alishawahi kumng'ata akabaki na jino nusu. Na leo Fisi huyohuyo, kwa upole, kwa koti jeupe, anamwomba mwenye ngome afungue lango mwenyewe!

Akimbie? Na mgongo ule? Kabla hajafika mlangoni angekuwa mchuzi.

"Daktari," akasema, kainamisha kichwa kwa adabu, "kisu ni sawa. Ila kwetu mtu hakatwi hajaaga ndugu. Nikifa bila kuaga, ukoo wangu wote utakuja kuweka msiba hapahapa kwako. Na matanga utayalisha wewe, baba."

Fisi, kulisha watu! Mwili ukamsisimka. "Nenda! Kaage! Na ule sana, mama, unenepe. Ni kwa ajili ya kidonda."

Basi Bi Kakakuona akaenda kwa shangazi yake, nyuma ya kichuguu cha jirani. Kwaru, kachu! Kwaru, kachu! Njia fupi ilimwona akilia.

"Unaniaga?" akasema shangazi. "Kuaga mikono mitupu? Shika mchi, unitwangie kwanza."

Akatwanga, taratibu, huku anaguna. Akarudi. Fisi ananoa kisu, shwaa! shwaa!

"Tayari?"

"Bado mjomba, Daktari. Ng'ambo ya mto."

"Nenda!"

Akaenda ng'ambo ya mto. Kwaru-kwaru, kachu! Kwaru-kwaru, kachu! Kwa mjomba akakuta ngoma ya harusi inapigwa, dum-taka, dum-taka.

"Ah, mpwa wangu! Sura hiyo ya kilio umeileta harusini kwangu? Cheza!"

"Mjomba, mgongo..."

"Mgongo ndio unaochezwa! Cheza!"

Akatikisa bega. Akatikisa na la pili. Kiuno nacho, kidogo, kwa woga, kama anayeonja uji wa moto. Akarudi. Fisi ananoa, shwaa! shwaa!

"Tayari?"

"Bado bibi, Daktari. Juu ya mlima."

"Ukoo gani huu usiokwisha? Nenda!"

Akapanda mlima. Kwaru-kwaru-kwaru-kwaru, kachu! Akapumzika, akapanda. Kwaru-kwaru-kwaru-kwaru-kwaru... Akasimama. Kuna kitu kakosa. Akasikiliza. Akapiga chafya ya makusudi: chya! Kimya. Akainama. Kimya! Akajinyoosha mpaka mkia ukawa kama mkuki. Kikasikika kitu kidogo tu, kichu, basi.

"Bibi! Bibi! Kachu imepotea!"

Bibi yake akatoka ndani anatafuna kumbikumbi. "Mjukuu wangu, tangu utotoni umejikunja kama ngumi kwa kumwogopa Fisi. Ngumi gani isiyochoka? Umeitembeza, imefunguka. Acha kelele, njoo ule."

Jamani! Alikuwa anatafuta visingizio vya kukikimbia kisu, kumbe visingizio ndivyo vilivyokuwa dawa! Bi Kakakuona alicheka, akazunguka mlima mzima kwa furaha, kwaru-kwaru-kwaru-kwaru, mawe yakampisha.

Angeweza kubaki kulekule juu, anywe umande na ale vyake. Lakini akaikumbuka foleni. Punda na nyonga yake. Kobe na shingo yake. Swala mwenye mimba na kifundo cha mguu. "Haiwezekani," akasema. Akashuka.

Alipokaribia zahanati akajipinda tena, akaanza kuguna kuliko zamani. "Mmh! Aah! Mama wee!" Foleni ikampisha. Fisi akalamba midomo. Kisu kinang'aa.

"Umeaga wote?"

"Wote, Daktari."

"Next!" akafoka Fisi.

"Anayefuata!" akaita Nguchiro.

"Ngoja," akasema Bi Kakakuona. "Sheria isomwe."

Nguchiro akaisoma kwa sauti yote aliyoiweka akiba tangu chuo: "ALIYEUMIA ZAIDI ATANGULIE!"

"Basi mimi si wa kwanza. Humu ndani yupo mgonjwa aliyenishinda mimi, na Punda, na foleni nzima."

"Nani?" wakauliza wote.

"Daktari, hebu tembea kidogo, baba, watu wakuone na hilo koti."

Fisi kwa kupenda kutazamwa! Akatembea. Chopi-chopi, chopi-chopi.

"Uuuwi!" akapiga yowe Bi Kakakuona. "Oneni mgongo huo! Mbele mlima, nyuma bonde! Miguu ya nyuma imekata tamaa! Huyu anaumwa kutushinda sote, na hasemi! Anatutibu sisi, yeye anakufa kimyakimya!"

"Maskini!" akalia Punda. "Daktari wetu!"

"Nyie, nimezaliwa hivi!" akabweka Fisi.

"Wagonjwa wote husema hivyo," akasema Kobe.

Nguchiro akamzunguka Fisi, akamtomasa hapa, akamnusa pale. Ndiyo mara yake ya kwanza kugusa mgonjwa. Akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa.

"Spine imekwisha. Finished. Dawa yake kisu."

"Nikandeni na maji moto!"

"Kisu!" ikaitikia foleni.

"Hata mafuta ya nyonyo?"

"Daktari," akauliza Bi Kakakuona, akiinuka taratibu, akijinyoosha, akisimama wima kama mlingoti, "wewe ni daktari au wewe ni mgonjwa?"

Fisi akaona kisu alichokiacha mezani kiko mkononi mwa Punda. Akatoka dirishani, koti na yote, chopichopichopichopi! Na Bi Kakakuona nyuma yake, kwarukwarukwaru: "Daktari, nusukaputi umeisahau!" Foleni nayo ikamfuata mbio, maana walimpenda, walitaka apone. Punda akakimbia. Swala akakimbia. Kobe alifika kesho yake, lakini alikimbia. Walipofika mtoni, wengi walikuwa wamesahau walichokuwa wanaumwa.

Ndiyo maana mpaka leo Fisi akitembea hugeukageuka nyuma. Anaogopa kuitwa anayefuata.

Nafasi ya daktari ilitangazwa upya. Nguchiro akaomba. Akajibiwa experience bado. Nafasi akapewa Mbweha, mpwa wake Fisi.

Funzo, watoto wazuri: mgonjwa mwema humtii daktari, hulala kitandani, hunenepa, husubiri kisu. Bi Kakakuona hakutii. Ndiyo maana mpaka hivi leo, maskini, hajafanyiwa upasuaji.

Ngano yangu nimeinyoosha mpaka hapa. Anayeitaka ndefu zaidi, aivute mwenyewe.